Luteni Aliyebaki na Majeruhi: Habari ya Maktau, 3 Septemba 1915

Katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika si desturi kuweka habari za afisa wa jeshi la kigeni. Nafasi hupewa wainjilisti waliotembea kwa miguu, wazee waliochonga mawe ya msingi, na akina mama waliobeba maji ya kukandia udongo. Lakini historia ya Ulutheri katika nchi hii haiwezi kusimuliwa bila Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kwa kuwa vita hivyo vilipita katikati ya sharika zilizokuwa bado changa, vikawaondoa wamisionari, na vikawaacha walimu wenyeji na mzigo ambao hakuna aliyekuwa amewaandaa kuubeba. Kati ya matukio ya vita hivyo liko moja lililotokea karibu sana na Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka, ambalo limeandikwa katika vitabu vingi vya Kiingereza na ni nadra kusimuliwa kwa Kiswahili. Ni habari ya kijana mmoja aliyekuwa amekwisha kuokolewa, akakataa wokovu huo wa mwili kwa ajili ya wenzake.

Mpaka uliowekwa na Waingereza na Wajerumani kwa mapatano ya 1886 na 1890 uliuacha mlima wote upande wa Wajerumani na Taveta upande wa Waingereza. Kwa wenyeji ulikuwa mstari wa kwenye karatasi. Watu wa Taveta, Wachaga, Wapare na Wataita waliendelea kukutana sokoni na kubadilishana mazao na mifugo kama walivyofanya baba zao. Agosti 1914 wakuu wa Ulaya walipotangaziana vita, mstari huo ukawa mstari wa mapigano kwa muda wa siku chache. Tarehe 15 Agosti Wajerumani waliingia Taveta na kuishika, nao hawakuondolewa hadi Machi 1916.

Gavana Heinrich Schnee hakutaka koloni lake liingie vitani, lakini kamanda wa majeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliona kwamba kazi yake ilikuwa kuwashughulisha Waingereza Afrika ili wasipate nafasi ya kupeleka askari wao Ulaya. Novemba 1914 aliwashinda Tanga. Baada ya hapo akaelekeza macho yake kwenye Reli ya Uganda, ile itokayo Mombasa kwenda Nairobi na Ziwa Victoria, ambayo katika sehemu ndefu hupita mbali kidogo tu na mpaka. Vikundi vidogo vya doria, Wajerumani wachache pamoja na askari Waafrika, vilivuka nyika ya Tsavo usiku na mchana vikiwa na baruti, kwenda kuilipua. Nyika ile haina huruma. Maji ni machache, miiba ni mingi, simba na vifaru wamejaa, na mtu aliyepotea njia kwa siku mbili alihesabiwa kuwa amekufa.

Waingereza nao walianza kujenga reli yao ya kivita kutoka Voi kuelekea Taveta, wakikusudia kuitumia siku watakapoushambulia mlima. Kufikia katikati ya 1915 reli hiyo ilikuwa imefika Maktau, mahali pakavu palipo karibu nusu ya njia. Hapo wakaweka kambi yenye ngome, mahandaki na seng'enge. Mbele yao, upande wa machweo, Wajerumani walikuwa wameshika Mbuyuni, na nyuma yake kilima cha Salaita. Tarehe 14 Julai Waingereza walijaribu kuitwaa Mbuyuni wakarudishwa. Tangu siku hiyo hali ya Maktau ikawa ya kuviziana. Kila upande ulituma doria, kila doria ilitafuta nyayo za mwenzake, na mara nyingi aliyekwenda kuvizia aliviziwa yeye.

Katika kambi hiyo walikuwamo askari wa Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers. Ilikuwa batalioni ya ajabu. Iliundwa na Kanali Daniel Patrick Driscoll kwa kukusanya watu waliokwisha kuzoea maisha ya porini sehemu mbalimbali za dunia, ikapelekwa Afrika Mashariki bila kupitishwa katika mafunzo marefu wanayopewa askari wapya. Humo alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, ambaye alikuwa amepita umri wa miaka 60, naye aliuawa baadaye huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, Januari 1917. Alikuwamo pia Cherry Kearton, mpiga picha za wanyama. Walishuka Mombasa mwanzoni mwa Mei 1915. Wengi wao hawakushindwa na risasi bali na homa ya malaria na ugonjwa wa kuhara damu, na kadiri miezi ilivyopita safu zao zilizidi kupungua.

Msomaji wa Kitanzania anayo sababu ya kuikumbuka batalioni hiyo kwa jambo lisilo la sifa. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 ilishiriki katika shambulio la Bukoba. Baada ya mji kutekwa na mtambo wa simu ya upepo kuharibiwa, askari waliruhusiwa kupora. Nyumba zikavunjwa, mali ikachukuliwa, na watu waliokuwa hawana ugomvi na mfalme yeyote wa Ulaya wakabaki bila kitu. Jambo hili linatajwa hapa ili msomaji asidhani kwamba habari inayofuata ni ya watu watakatifu. Ni habari ya watu waleule, majuma kumi baadaye.

Wilbur Taylor Dartnell alizaliwa Melbourne, Australia, tarehe 6 Aprili 1885, na majina aliyopewa utotoni yalikuwa William Thomas. Alioa mwaka 1907, na kabla ya vita alikuwa amekwenda Afrika Kusini. Mwanzoni mwa 1915 alipewa cheo cha luteni katika batalioni ya Driscoll, na katika Septemba ya mwaka huo alikuwa na umri wa miaka 30. Hakuwa afisa wa ukoo mkubwa wala mhitimu wa chuo maarufu cha kijeshi. Alikuwa mmoja wa maelfu ya watu wa kawaida ambao vita viliwavika nyota mabegani haraka haraka, kwa sababu maafisa walihitajika.

Tarehe 3 Septemba 1915 alitoka karibu na Maktau pamoja na kikosi cha askari wa miguu waliopewa wanyama wa kupanda. Kazi ya kikosi cha namna hiyo ilikuwa kwenda mbali kuliko askari wa kawaida, kuzitafuta doria za Wajerumani na kuzizuia zisiifikie reli. Katika pori la miiba askari aliyepanda mnyama huonekana kwanza, naye huona mwisho. Mapigano yalipoanza, adui walisogea wakawa umbali wa hatua chache tu. Hapo hakukuwa na mstari wa mbele wala wa nyuma. Palikuwa na vichaka, moshi, wanyama waliokurupuka, na sauti za watu waliopigwa risasi.

Kikosi kikalazimika kurudi nyuma. Waliojeruhiwa kidogo waliweza kuondolewa, lakini walioumia vibaya hawakuweza kuchukuliwa, kwa kuwa kila mmoja wao alihitaji watu wa kumbeba, na kila mbebaji ni bunduki moja iliyonyamaza. Dartnell mwenyewe alikuwa amepigwa risasi mguuni, na wenzake walikuwa wameshamnyanyua wakiondoka naye. Kama angenyamaza, angefikishwa kambini. Pengine angepelekwa hospitalini, akarudishwa kwao akichechemea, akaishi hadi uzee. Hakuna ambaye angemlaumu, maana mtu aliyejeruhiwa haulizwi kwa nini alibebwa.

Aliona hali ya wale waliokuwa wakiachwa. Akasisitiza aachwe pamoja nao. Akaachwa, akauawa.

Gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette, lilitangaza tarehe 23 Desemba 1915 kwamba ametunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza. Tangazo lenyewe ni fupi. Linaeleza mapigano, jeraha lake, kukataa kwake kuondolewa, na tumaini lake la kuyaokoa maisha ya majeruhi wengine, na linamalizia kwa kusema kwamba alitoa uhai wake katika jaribio la kuwaokoa wengine. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki nishani hiyo ilitolewa kwa watu wachache mno, wakiwamo Henry Peel Ritchie wa jeshi la majini, kwa tendo lake katika bandari ya Dar es Salaam Novemba 1914, Dartnell, na Frederick Booth, kwa tendo la Februari 1917 karibu na Songea.

Inafaa kulitafakari neno hilo, tumaini. Mtu mmoja mwenye mguu uliojeruhiwa alitumaini kufanya nini mbele ya adui waliokaribia kiasi kile? Wako wanaolitazama tendo lake kwa macho ya kijeshi tu na kumwona kama mlinzi wa mwisho aliyetaka kupiga risasi zake zote. Lakini tangazo halisemi kwamba alibaki ili kuua. Linasema alibaki ili kuokoa. Afisa aliyeko mahali anaweza kusema na afisa wa upande wa pili; anaweza kusalimisha watu wake kwa utaratibu na kudai watendewe kama mateka wa vita, kwa kuwa mataifa yote mawili yalikuwa yametia sahihi mkataba wa Geneva wa 1906 juu ya kuwatunza majeruhi. Askari wa kawaida aliyelala chini akivuja damu hana sauti hiyo. Na hata kama Dartnell hakuyapima haya yote katika dakika zile chache, alijua jambo moja ambalo kila mchungaji aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa analijua: kuachwa peke yako ni jeraha la pili.

Wahubiri wa Kiingereza wa siku zile walilifananisha tendo kama hilo na neno la Bwana katika sura ya 15 ya Injili ya Yohana, juu ya mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Hawakukosea, ila yafaa tahadhari. Neno lile lilinenwa na Yeye aliyemwamuru Petro arudishe upanga alani. Vita vyenyewe havitakaswi na upendo uliotendeka ndani yake. Mashamba ya Ulaya na nyika za Afrika zilijaa Wakristo waliopigana na Wakristo, kila upande ukiomba ushindi kwa Mungu yuleyule, na baadhi yao kwa nyimbo zilezile. Alichofanya Dartnell kilikwenda kinyume cha vita, kwa kuwa hesabu ya vita ilimtaka aondoke.

Lakini tangazo lile lina sentensi moja ambayo haiwezi kupitwa kimya katika kitabu kinachosomwa na Waafrika. Linasema kwamba Dartnell alibaki akijua kuwa askari weusi wa adui huwaua majeruhi. Halikutaja ushahidi, halikutaja mahali wala siku. Lilitaja rangi. Ni kweli kwamba askari wa jeshi la Wajerumani waliogopwa, na waliogopwa kwanza na Waafrika wenyewe. Kusini mwa nchi walikuwa bado wanakumbuka jinsi vijiji na maghala ya chakula yalivyochomwa wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Lakini kule kusini waliochoma walichoma kwa amri, na waliotoa amri hawakuwa weusi. Kombania ya jeshi la Wajerumani iliongozwa na maafisa wa Kijerumani, na doria zake vilevile. Ikiwa majeruhi waliuawa porini, lawama ingepaswa kumfikia aliyeongoza, si ngozi ya aliyeongozwa. Katika miaka ile Waingereza na Wajerumani walishitakiana sana kwa ukatili, na kila mmoja aliona ni rahisi zaidi kuutwika ukatili huo juu ya Mwafrika wa mwenzake.

Na Waafrika hao walikuwa nani? Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, watu wa asili ya Sudan na wengineo upande wa Wajerumani. Upande wa Waingereza, askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda na Nyasaland. Walipigana kwa ujuzi na ustahimilivu ambao maafisa wa pande zote mbili waliukiri katika vitabu vyao. Hakuna hata mmoja wao aliyepewa Victoria Cross katika vita hivyo. Je, hakuna hata mmoja aliyembeba afisa wake mgongoni chini ya risasi, au aliyerudi kumfuata ndugu yake aliyeanguka? Mtu yeyote aliyezungumza na wazee wa zamani waliokuwa askari anajua jibu. Tofauti ni kwamba tendo la Dartnell lilikuwa na mwandishi.

Wapo pia wapagazi. Nchi haikuwa na barabara za magari, na wanyama waliuawa na mbung'o, kwa hiyo jeshi lilitembea juu ya vichwa vya watu. Upande wa Waingereza pekee walioandikishwa kubeba mizigo katika vita vyote walifikia kama 1,000,000, wengi kwa kulazimishwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa kwa njaa, uchovu na magonjwa walikuwa wapatao 95,000, na wapo wanaotaja hesabu kubwa zaidi. Moshi ilipoingia mikononi mwa Waingereza Machi 1916, wanaume wa Kilimanjaro na Upare ambao hadi juzi waliwabebea Wajerumani walitakiwa kuwabebea Waingereza. Wengine walikuwa wanafunzi wa ubatizo. Mizigo ilikuwa ileile, lugha ya kuamrishwa ndiyo iliyobadilika. Katika nchi ya Wagogo uporaji wa chakula na mifugo kwa ajili ya majeshi, pamoja na ukame, ulizaa njaa iliyoitwa Mtunya, ambayo iliwaua watu maelfu kwa maelfu kabla na baada ya vita kwisha.

Wamisionari wa Leipzig katika Kilimanjaro, ambao kazi yao ilianza 1893, waliona utawala ukibadilika huku wao wenyewe wakiwa raia wa taifa lililoshindwa. Mwaka 1920 waliondolewa. Bruno Gutmann wa Moshi ya Kale hakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Kwa miaka hiyo ya katikati, ibada, mafundisho na nidhamu ya sharika vilibaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa walimu Waafrika, ambao wengi hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji. Hawa nao walikuwa wameachwa nyuma. Wengine walipata nafasi ya kazi yenye mshahara kwa serikali mpya, iliyohitaji watu wajuao kusoma na kuandika. Wengi walibaki na watu wao. Hakuna gazeti lililowatangaza, lakini vitabu vya ubatizo vya miaka ile vina mwandiko wao.

Mwili wa Dartnell ulizikwa Voi, katika makaburi ya wanajeshi, na kaburi lake lipo hadi leo lenye jiwe na jina. Aliacha mjane. Huko Maktau yako pia makaburi ya askari kutoka India waliokufa katika kampeni hiyohiyo. Reli ya Voi iliendelezwa hadi Taveta na kisha Kahe, ikaunganishwa na ile ya Tanga hadi Moshi, na kwa miaka mingi baada ya vita watu wa Kaskazini waliitumia kusafiri kwenda Mombasa, wakipita Maktau bila kujua ni nini kilichotokea pale.

Wapagazi hawakuwekewa mawe. Dar es Salaam na Nairobi yamebaki majina ya mitaa, Kariakoo na Kariokor, yaliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Mwaka 1927 Sanamu ya Askari ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam, na nyingine za ukumbusho Nairobi na Mombasa, kwa heshima ya Waafrika wote kwa jumla, pasipo jina la hata mmoja. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba mawazo ya ubaguzi ya watawala wa siku zile yalichangia. Tarehe 22 Aprili 2021 Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni kwa jambo hilo. Tangu hapo kazi ya kuyatafuta majina hayo katika nyaraka za zamani za Afrika Mashariki imeanza, ukurasa kwa ukurasa.